Mjumbe wa kichwani anapogeuka jambazi

WEWE uliyezaliwa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Kaisho na sasa unasaka maisha Dar, Mwanza au Arusha, sogea karibu. Safu yetu wiki hii ni yako. Na wewe ambaye Karagwe unaifahamu kwenye pakiti ya kahawa tu, usigeuze ukurasa. Mbele kidogo kuna namba inayokuhusu wewe wa mjini kuliko hata bibi wa Kyerwa.

Simu yenyewe huwa inakuja hivi: "Mzee ameamka mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia hauinuki. Akiongea hatumwelewi." Kabla hujajibu, mtu mwingine ananyang'anya simu: "Tumeshamwita yule bwana wa dawa, anasema ni upepo mbaya. Ngoja tuone mpaka jioni." Halafu kimya. Wewe ndiye msomi wa ukoo, wewe ndiye mtuma hela, wote wanasubiri useme neno.

Wengi husema: "Sawa, endeleeni kumwangalia, mwisho wa mwezi natuma kitu."

Jamani! Jibu hilo la upole linaweza kumgharimu mzee mkono, mguu na maneno yake yote. Maana wakati ninyi mnajadiliana kwenye simu, ndani ya kichwa chake kuna jambazi kazini. Tena jambazi huyo si upepo, wala si jirani anayelionea kijicho shamba la migomba. Ni mjumbe wa ubongo wenyewe. Hapo ndipo penye hadithi.

MJUMBE WA NYUMBA KUMI

Ubongo wa binadamu una seli za neva zinazokadiriwa kufika bilioni 86. Ajabu ni kwamba seli hizo, kwa sehemu kubwa, hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna upenyo mdogo mno. Sasa seli ya huku ikitaka kuiambia ya kule "inua mkono" inafanyaje? Inamtuma mjumbe. Mjumbe huyo ni kemikali. Inamwagwa upande huu, inavuka upenyo, inagonga mlango upande wa pili, basi, habari imefika.

Wajumbe wako wengi. Ila mkubwa wao, anayefanya kazi kubwa ya kuamsha seli, anaitwa glutameti. Mfikirie kama mjumbe wa nyumba kumi. Anapita, anapiga hodi, anasema "kesho kuna mkutano", anaondoka. Akishaondoka, kuna seli nyingine za usaidizi zinazomzoa haraka asiendelee kuzurura mtaani. Kila unapokumbuka jina la mtu, unapoona rangi ya daladala au unapocheza muziki, glutameti amepita milango isiyohesabika.

Anaye mwenzake wa kutuliza, GABA. Mmoja anaamsha, mwingine anasema "tulieni". Pombe inamwongezea nguvu yule wa kutuliza na kumfunga mdomo yule wa kuamsha. Ndiyo sababu mtu aliyeshiba rubisi ulimi unakuwa mzito. Yupo na adenosini, anayejikusanya kadiri unavyokaa macho hadi ukasinzia. Kahawa kazi yake ni kuziba milango ya adenosini. Kwa hiyo mzee wa Karagwe anayetafuna buni zake alfajiri anacheza na wajumbe wa ubongo kabla hata jua halijachomoza. Wala asiogope: tafiti kubwa zilizofuatilia wanywaji kwa miaka mingi hazikuonyesha kwamba vikombe viwili vitatu vya kahawa kwa siku vinaleta kiharusi.

Najua kuna mtu ameshasikia jina glutameti jikoni. Ni kweli, ni ukoo ule ule. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aliitoa kwenye mwani na kugundua kwamba ndiyo inayoupa mchuzi ule utamu unaokufanya uombe mwingine. Kutokana na kazi yake ikazaliwa Ajinomoto. Nyanya zinayo, hata maziwa ya mama yanayo. Ila usianze kuogopa mchuzi. Glutameti ya sahani haiingii ubongoni kirahisi, kuna ukuta kati ya damu na ubongo unaoizuia. Jambazi tunayemzungumzia hatoki nje. Yumo ndani.

SIKU YA BALAA

Sasa tuje kwenye kiharusi. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza, mshipa wa damu unaopeleka chakula kwenye ubongo unaziba, mara nyingi kwa donge la damu. Ya pili, mshipa unapasuka na damu inamwagika. Tuanze na ile ya kuziba.

Seli ya ubongo haina ghala. Inaishi kwa mkono na mdomo, kama kibarua: hewa ya oksijeni na sukari vije kila sekunde. Mshipa ukiziba, umeme wa seli unakatika. Kuna pampu ndogo ndogo kwenye ukuta wa seli ambazo kazi yake ni kutoa chumvi nje na kuweka mambo sawa. Pampu hizo zinasimama. Seli inachanganyikiwa, na katika kuchanganyikiwa kwake inamwaga glutameti yote iliyokuwa nayo kwa mkupuo mmoja.

Ona picha: mjumbe wa nyumba kumi aliyekuwa akipiga hodi kistaarabu sasa wamekuwa mia, usiku wa manane, wanapiga milango kwa magongo. Wale wa kuwazoa nao hawana nguvu, maana nao wanategemea umeme ule ule. Wengine hata wanaanza kuwatapika wale waliokwisha kuwazoa.

Kwenye seli jirani kuna mlango mmoja muhimu, wataalamu wanauita NMDA. Siku za kawaida mlango huo umezibwa kwa kizibo cha magnesiamu, haufunguki ovyo. Vurugu zikizidi, kizibo kinachomoka. Kupitia hapo kalisiamu inaingia kama mafuriko. Kalisiamu kidogo ni nzuri, lakini ikifurika inaamsha vimeng'enya vinavyoanza kuila seli kutoka ndani: kuta zake, mashine zake za nguvu, hadi vinasaba. Seli inakufa. Na ikifa, nayo inamwaga glutameti yake kwa jirani. Jirani naye hivyo hivyo.

Mwaka 1969 Mmarekani John Olney alionyesha kwa panya wachanga kwamba glutameti ikizidi inaua seli za ubongo. Jambo hilo tunaweza kuliita sumu ya msisimko. Seli haipigwi wala haikatwi. Inaamshwa mpaka inakufa.

MTAA WA KATI NA MTAA WA PILI

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana ndipo penye uhai wa mzee.

Kiharusi hakimalizi kazi dakika ile ile mdomo unapopinda. Katikati, pale mshipa ulipoziba kabisa, seli zinakufa ndani ya dakika chache. Huo mtaa umekwenda. Lakini kuuzunguka kuna mtaa wa pili. Unapata damu kidogo kwa njia za panya, kutoka mishipa mingine. Seli zake zimezimia, hazifanyi kazi, lakini hazijafa. Ukimtazama mgonjwa huwezi kutofautisha. Mkono umelala tu. Kumbe sehemu ya mkono huo bado iko hai, inasubiri damu irudi, huku wale wajumbe wenye magongo wakisogea nyumba hadi nyumba.

Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Los Angeles alipiga hesabu. Kwa kiharusi cha mshipa mkubwa kuziba, mgonjwa asiyetibiwa anapoteza wastani wa seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Kila dakika, msomaji wangu! Muda wa kuomba radhi kwamba salio limekwisha na kupiga tena, milioni nne zimekwenda.

Sasa rudia lile neno "tuone mpaka jioni" halafu uniambie linasikikaje.

KWA NINI TUSIMFUNGE HUYO MJUMBE?

Utauliza, kama jambazi anajulikana kwa jina, mbona hakamatwi? Swali zuri. Wenzetu wenye maabara wamejaribu kwa miongo kadhaa. Walitengeneza dawa za kuziba ule mlango wa NMDA. Kwa panya zilifanya maajabu. Kwa binadamu, moja baada ya nyingine, zikaanguka.

Jaribio moja ni la kukumbukwa. Huko California walisema, kama tatizo ni kizibo cha magnesiamu kuchomoka, basi tumpe mgonjwa magnesiamu. Tena tusisubiri hospitali, apewe ndani ya gari la wagonjwa, ndani ya saa mbili tangu augue. Wagonjwa 1,700 waliingia katika jaribio. Majibu yalitoka mwaka 2015: waliopewa na wasiopewa, baada ya miezi mitatu, hali yao ilikuwa sawa.

Sababu zinazotajwa ni mbili. Kwanza, mafuriko ya glutameti yanaanza ndani ya dakika, dawa inafika mjumbe ameshavunja milango. Pili, mjumbe huyu si adui. Ndiye anayekufanya uone, ukumbuke na ujifunze. Ukimfunga kabisa umeufunga ubongo wote, na zile seli zilizonusurika nazo zinamhitaji ili zipone.

Kilichofanikiwa ni kitu kingine, rahisi kukieleza: fungua mshipa, damu irudi, pampu ziwake, mjumbe atulie mwenyewe. Dawa ya kuyeyusha donge la damu, alteplase, ilithibitishwa mwaka 1995 kwa wanaopewa ndani ya saa 3. Mwaka 2008 ikaonekana hata saa 4 na nusu inasaidia. Na saa hizo hazihesabiwi tangu mlipomkuta, zinahesabiwa tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Kama alilala mzima saa tatu usiku na kuamka hivyo, kwa utaratibu wa kawaida saa inaanzia saa tatu usiku.

KUTOKA MURONGO MPAKA KWENYE MASHINE

Hapo ndipo jiografia inapoingia. Kabla ya kuyeyusha donge lazima daktari ajue kama mshipa umeziba au umepasuka. Ukimpa dawa ya kuyeyusha mtu aliyepasuka mshipa, umemwua. Na kwa macho hutambui, lazima kipimo cha CT scan. Afrika Mashariki viharusi vya kupasuka ni sehemu kubwa zaidi kuliko Ulaya, sababu kubwa ikiwa presha isiyotibiwa.

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilikuta zaidi ya watu 320,000 katika kila moja. Ni watu wengi, na ni mbali. Omurushaka hadi Bukoba ni zaidi ya kilometa 100 ukipitia Kyaka. Anayeugua Murongo, pale mto Kagera unapogawa Tanzania na Uganda, anaanzia mbali zaidi. Bugando ya Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda, ni safari ya siku. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea ile foleni ya kivuko, lakini saa 4 na nusu ni saa 4 na nusu. Mkopo wa Sh trilioni 1.3 wa mwaka 2021, ule wa UVIKO-19, sehemu yake ilikwenda kununua mashine za CT scan kwa hospitali za rufaa za mikoa, na huo ni msaada mkubwa. Kwa hiyo kabla ya kukodi gari la kwenda mbali, muulize daktari wa wilaya: mashine ya karibu inayofanya kazi leo iko wapi?

Lakini sikiliza. Usiseme, "Kama hatuwahi hiyo dawa, ya nini kuhangaika?" Hapana. Nyakahanga, Isingiro, hospitali yoyote iliyo karibu ina kazi kubwa ya kufanya hata bila mashine hiyo. Homa ikipanda, glutameti nayo inamwagika zaidi na seli zinakufa haraka, na sisi tunatoka kwenye nchi ya malaria. Sukari ikiwa juu sana, uharibifu unazidi. Sukari ikiwa chini sana, mtu anaweza kuonekana ana kiharusi kumbe hana, na dripu ya sukari ikamwamsha! Mgonjwa asiyeweza kumeza akilishwa uji, uji unakwenda mapafuni. Hayo yote yanashughulikiwa kwa kipimajoto, kipima sukari na muuguzi mwenye macho. Kila moja linauokoa mtaa wa pili.

WA MJINI, USICHEKE

Sasa ile namba niliyokuahidi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya Hai, kule Kilimanjaro vijijini, na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar? Karibu 316. Umesoma sawasawa, mara tatu hivi!

Na kichekesho kingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka maeneo hayo hayo ulikuta kwamba wa Dar ndio waliotaja zaidi mashetani na uchawi, wakati wa kijijini Hai walizungumzia presha, mafuta na mawazo. Kwa hiyo acha kumcheka shangazi wa Nkwenda na "upepo" wake. Kwenye kijiwe chako hapo Temeke wapo wanaoamini makubwa zaidi, na bia mkononi, na chipsi mezani, na presha hawajawahi kuipima tangu wazaliwe.

Presha haina kelele. Haiumi. Inakwangua mishipa taratibu kwa miaka, siku moja mshipa unaziba au unapasuka, ndipo mjumbe anapopata nafasi yake. Glutameti humwezi, lakini presha unaiweza. Kuipima ni dakika tano. Dawa zake ni za kumeza kila siku, na kosa la wengi ni kuziacha wakishajisikia vizuri.

SIMU IKILIA, SEMA HIVI

Kwanza, ulizia mambo matatu: uso umepinda? mikono yote miwili inainuka sawa? maneno yanaeleweka? Likiwapo hata moja na limeanza ghafla, ni kiharusi mpaka daktari aseme siyo.

Pili, waambie waandike saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho.

Tatu, wasimpe kitu mdomoni. Si maji, si uji, si dawa ya mitishamba, si aspirini, si kidonge cha presha cha jirani. Aspirini kwa mshipa uliopasuka ni hatari, na kuishusha presha ghafla kunaunyima mtaa wa pili hata kale kadamu kanakopenya.

Nne, alazwe kiubavu ili mate yasimpalie, kisha hospitali sasa hivi. Itafutwe gari. Bodaboda mgonjwa hawezi kujishikilia.

Tano, hela itumwe sasa hivi, siyo mwisho wa mwezi. Nauli ya gari la kukodi leo ni ndogo kuliko miaka kumi ya kumlea mtu kitandani, na anayelea si wewe, ni dada yako aliyebaki nyumbani.

Na yule bwana wa dawa? Usigombane naye, wala usimtukane mbele ya wazee, utapoteza dakika nyingine kumi. Sema tu: "Shikamoo baba mdogo. Hospitali kwanza, mengine tutayaongea mzee akiwa salama." Heshima imebaki, gari limeondoka.

BAADA YA HAPO

Kuna walioambiwa "ameshapooza, basi tena". Usikubali haraka. Yule mjumbe aliyebomoa ndiye huyo huyo fundi wa kujenga. Seli zilizobaki zinajifunza njia mpya kwa kutumia glutameti na mlango ule ule wa NMDA, na zinajifunza kwa kurudiarudia. Mkono ukifanya jambo moja mara nyingi, njia inaimarika. Mkono ukiachwa umelala kifuani, njia inajifuta.

Mazoezi si lazima yawe ya mashine za kigeni. Muulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo namna ya kuanza kwa usalama, halafu angalia kilichopo nyumbani. Kuchambua maharage sinia zima. Kuokota buni moja moja na kuziweka kwenye kikombe. Kumenya ndizi, kwanza kwa kusaidiwa. Mwacheni mzee afanye mwenyewe hata akichukua saa nzima na sinia likamwagika mara tatu. Upendo wa kumfanyia kila kitu unamnyima mjumbe wake kazi.

Kwa leo naishia hapo. Wiki hii piga simu nyumbani kabla hawajakupigia, uwaulize mzee na bi mkubwa mara ya mwisho walipima presha lini. Halafu na wewe upite duka la dawa, ukunje mkono wa shati.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.